Henry Laurens: mwenye mashamba ya mpunga kwenye meza ya amani

Kwa sisi tunaofundisha historia ya biashara ya watumwa katika Bahari ya Atlantiki, Henry Laurens, aliyezaliwa Charleston, South Carolina, mwaka 1724, ni mtu asiyekwepeka. Vitabu vingi humtaja kama rais wa bunge la makoloni ya Amerika yaliyoiasi Uingereza, cheo alichokishika kati ya 1777 na 1778. Mimi huanza na daftari zake za biashara, kwa sababu humo ndimo siasa yake inamoeleweka.

Katika miaka ya 1750 kampuni aliyoimiliki na George Austin iliuza Waafrika zaidi ya 8,000, ikijikatia takriban asilimia 10 ya mauzo. Mmoja wa waliowaletea shehena alikuwa Richard Oswald wa London, ambaye pamoja na washirika wake alimiliki ngome ya kuuzia watumwa ya kisiwa cha Bunce nchini Sierra Leone, sehemu ambayo watu wake walikuwa mabingwa wa kilimo cha mpunga, ujuzi uliotafutwa na wenye mashamba wa South Carolina. Mwaka 1756 jahazi lililoitwa Hare lilifika kutoka huko, na Elias Ball, shemeji yake Laurens, akanunua watoto sita, akaandika majina aliyowapa pamoja na umri aliowakadiria: Priscilla miaka 10, Harry miaka 6. Mnunuzi wa mtoto wa miaka sita alikuwa akihesabu faida ya miongo kadhaa mbele.

Faida ya namna hiyo ndiyo iliyomwezesha Laurens kununua shamba la Mepkin, kando ya mto Cooper, mwaka 1762. Baadaye alijitoa kwenye biashara ya watumwa, na Agosti 1776 alimwandikia mwanawe John kwamba anauchukia utumwa. Naamini alisema kweli. Ila watu wake aliendelea kuwamiliki, isipokuwa wachache sana aliowaachia huru.

Mwaka 1780, akiwa njiani kwenda Uholanzi kutafuta mkopo, alikamatwa baharini na Waingereza. Aliutosa mfuko wa nyaraka zake, lakini ukaelea na kuopolewa, na rasimu ya mkataba kati ya Marekani na Uholanzi iliyokuwamo ikawapa Waingereza kisingizio cha kuipiga vita Uholanzi. Alifungwa zaidi ya mwaka katika Mnara wa London, akatoka kwa dhamana iliyowekwa na Oswald yuleyule, na hatimaye akabadilishwa na Jenerali Cornwallis, Mwingereza aliyekuwa ametekwa na Wamarekani, ambaye, kwa kichekesho cha historia, ndiye aliyekuwa na cheo cha mkuu wa mnara huo.

Novemba 1782 Laurens na Oswald walikutana tena Paris, kwenye mazungumzo ya amani: Oswald akiwa mjumbe wa Uingereza, Laurens akiwa mmoja wa wajumbe wa Marekani. Laurens alifika mwishoni kabisa, John akiwa ameshauawa vitani miezi mitatu nyuma, na mchango wake mkubwa ulikuwa kuomba kiongezwe kifungu kinachowakataza Waingereza kuondoka na "Weusi au mali nyingine" za Wamarekani. Oswald alikubali bila ubishi, na kifungu kikaingia katika mkataba wa 1783.

Utekelezaji wake ulikwama New York, ambako Jenerali Carleton, kamanda wa Waingereza, alikataa kuwarudisha watumwa waliokuwa wameahidiwa uhuru na jeshi la Uingereza, na watu wapatao 3,000 wakaandikishwa majina na kusafirishwa hadi Nova Scotia, katika Kanada ya leo. Baadhi yao walivuka bahari tena mwaka 1792, mwaka aliokufa Laurens, wakaanzisha Freetown, upande wa chini wa mto uleule wenye kisiwa cha Bunce, ambako biashara ya watumwa ilikuwa ikiendelea.