Bei Ikipanda Nairobi, Tazama Pia Idadi ya Miamala

Kaunta moja, yaani hisa za kampuni moja, ikipanda bei siku tatu mfululizo katika Soko la Hisa la Nairobi, simu za ofisini kwetu hazipoi. Swali huwa lilelile: "Wakubwa wameingia?" Mwenye kuuliza ameona idadi ya hisa zilizouzwa imepaa, akaamini kwamba pesa za mifuko ya pensheni na za wageni zinamiminika. Huenda ni kweli, ila namba hiyo peke yake haitoshi kumhakikishia.

Kila hisa iliyonunuliwa ina aliyeiuza. Mfuko mmoja ukiingia, pengine mwingine ndio unatoka. Kinachofaa kutazamwa ni nani ana haraka, na haraka hujitokeza kwenye bei. Mauzo makubwa yakienda na bei inayopanda, wanunuzi ndio wanaowafuata wauzaji. Lakini mauzo makubwa na bei imekwama palepale, tena baada ya kupanda sana, maana yake kuna mwenye shehena anayemuuzia kila ajaye. Hali hiyo hunitia wasiwasi kuliko siku ya bei kushuka kidogo.

Pima pia mauzo kwa ukubwa wa kampuni. Safaricom ina hisa zaidi ya bilioni 40. BAT Kenya ina milioni 100. Hisa milioni moja za BAT zikibadili mikono kwa siku, hiyo ni asilimia 1 ya kampuni nzima. Kwa Safaricom ni asilimia 0.0025, tone baharini.

Halafu uliza idadi ya miamala, namba ambayo wengi huiruka. Tuseme hisa milioni mbili zimeuzwa kwa miamala mitatu tu. Huenda ni taasisi mbili zilizokwisha kupatana bei, madalali wao wakaja kukamilisha. Hapo hakuna umati wa wanunuzi wa kukuvuta. Hisa laki tatu kwa miamala mia nne ni habari tofauti kabisa: watu wengi wanaitaka. Hata hivyo, mfuko makini huweza kuigawa oda yake vipande vidogo kwa wiki kadhaa ili usiipandishe bei, kwa hiyo siku moja haitoshi.

Kabla ya kuweka oda, mwombe dalali wako akupe bei, hisa zilizouzwa na miamala ya kaunta hiyo kwa siku 20 zilizopita, uzipange kwenye karatasi moja.