Kukagua maelezo ya riseti katika mti wa vifaa wa Linux

Kifaa kilichochomekwa kwenye USB hujitambulisha chenyewe: kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, hukiuliza, nacho hujibu. Vipande vilivyo ndani ya chipu, kama kidhibiti cha skrini, havina uwezo huo. Ndiyo maana kwenye bodi nyingi zenye prosesa za ARM kerneli ya Linux hupewa faili la mti wa vifaa, linaloeleza kuna kifaa gani, kiko kwenye anwani ipi, na laini gani (waya wa ishara) hukiriseti.

Kuriseti hapa si kuwasha upya mashine nzima. Ni kukirudisha kifaa kimoja katika hali yake ya mwanzo: kidhibiti cha riseti hukibana kwa muda mfupi, kisha hukiachia. Kwenye mti huandikwa `resets = <&rst 5>`, yaani laini yangu ni namba 5 ya kidhibiti rst.

Maandishi hayo hufuata kanuni zilizoandikwa kwa YAML, muundo wa maandishi unaosomeka na mashine, zinazotaja kila aina ya kifaa ina riseti ngapi na kwa mpangilio gani. Anayetaka kubadili kanuni hutuma pendekezo, nalo hukaguliwa. Amri ya `make dt_binding_check` hukamata makosa ya uandishi. Linalobaki kwa binadamu ni hili: je, pendekezo linaeleza kifaa kilivyo, au linaifaa draiva tu, yaani programu inayokiendesha? Mwandishi akisema laini fulani iachwe kwa kuwa draiva yake haiitumii, hoja hiyo haitoshi. Laini ikiwepo kwenye chipu, iandikwe. Mti si wa draiva moja ya Linux tu: U-Boot (programu ya kuwasha bodi) na FreeBSD (mfumo endeshi mwingine) nazo husoma miti ya namna hii.

Mimi hukazia macho namba kuliko kitu kingine. Toleo la kerneli likishatoka, namba 5 ni mkataba. Huenda mti wa zamani umehifadhiwa ndani ya kifaa ambacho mwenyewe atasasisha kerneli peke yake, na kerneli hiyo mpya lazima iuelewe. Ukipachika riseti mpya katikati ya orodha na kuzisogeza zilizofuata, kerneli itariseti kifaa kingine kabisa, na mtu wa watu atabaki bila mtandao asijue kwa nini. Riseti mpya huwekwa mwishoni.

Riseti ikipitia pini ya kawaida ya chipu badala ya kidhibiti cha riseti, kuna suala la mwelekeo pia. Vifaa vingi huingia kwenye riseti pini inaposhushwa hadi volti sifuri. Mwelekeo ukiandikwa kinyume, kifaa hubanwa pale kinapotakiwa kuachiwa, na YAML yote itapita bila kasoro. Hapo mkaguzi hana budi kufungua mchoro wa bodi na kufuata waya.