Aliyechomwa sindano ana daftari, aliyechomwa na maneno je?

Muuguzi akichomwa na sindano iliyokwisha kutumika, kila mtu wodini anajua la kufanya. Anaosha kwa maji na sabuni, anaandikwa kwenye daftari la ajali, anapimwa, na ikibidi anaanza dawa za kuzuia VVU kabla ya saa 72 kupita na kuzimeza kwa siku 28. Hakuna anayemuuliza kama imani yake ni dhaifu. Muuguzi huyo huyo akitoka kumsikiliza mtoto wa miaka saba akieleza alivyofanyiwa, anaambiwa "pole, ndiyo kazi" na anapanda daladala kurudi kwao.

Maswali yaliyo hapa chini, kuhusu kuumizwa na yale unayoyasikia na kuyaona kazini, huulizwa na wauguzi, askari, maofisa ustawi, makarani na madereva, Unguja na Pemba. Nimeyajibu kwa msimamo mmoja: haya ni madhara ya kazi, na mwajiri anahusika nayo kama anavyohusika na ile sindano.

Mimi sikupigwa wala sikuzama. Nasikiliza tu. Vipi niumie?

Hiyo "tu" ndiyo inayotuponza. Mtu akikusimulia, unaiona picha, na mwili wako unaifuata: moyo unakwenda mbio, mabega yanakaza, tumbo linajifunga. Mara moja si neno. Mara ya mia mbili ni jambo jengine. Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman, waliandika kuhusu wanasihi ambao, kwa kupokea machungu ya wengine, walianza kuuona ulimwengu kwa jicho jengine: hawamwamini mtu, hawaoni pa salama. Miaka mitano baadaye Charles Figley akaandika juu ya uchovu wa huruma, yaani kuishiwa na nguvu ya kuwahurumia wengine. Na mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili, toleo la mwaka 2013, unakubali kwamba mtu anaweza kupata maradhi ya kiwewe, yaani kuendelea kuteswa na jambo la kutisha baada ya kupita, kwa kukutana tena na tena na maelezo ya kutisha kazini; mfano wake mmoja ni askari anayesikiliza kesi za watoto waliodhalilishwa.

Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuipokea mizigo hiyo, kanda ni la mchanga wa pwani, na kila zamu linaongezwa kibaba.

Nitajuaje kwamba si uchovu wa kawaida?

Uchovu wa kawaida unaondoka ukilala. Huu unalala nawe na kuamka nawe. Unakaanga mandazi, inakujia sura ya mgonjwa wa juzi bila ya kuiita. Unaanza kuwazuia watoto wako kwenda chuo cha Kurani peke yao, ingawa njia ni ile ile uliyokuwa ukipita wewe. Unafoka kwa jambo dogo. Faili la kesi fulani unalikwepa hadi linakuwa la mwisho mezani. Dalili ambayo watu huichukulia kuwa ni ukomavu ndiyo inayonitisha zaidi: mgonjwa analia mbele yako na wewe huhisi kitu, kama unasikiliza redio iliyoachwa wazi.

Usichanganye na kuchoshwa na kazi yenyewe, ambako Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilikuelezea kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kuidharau kazi, na kuona huna ufanisi tena. Hilo linaweza kumpata hata karani wa benki. Mara nyingi yote mawili hukaa nyumba moja.

Wala usijitabirie maradhi. Shirika hilo hilo linasema kiasi cha asilimia 70 ya watu duniani hukutana na tukio la kuwatia kiwewe katika maisha yao, na ni asilimia 5.6 tu wanaopata maradhi ya kiwewe baadaye. Wengi hupona wakiwa na watu wao na usingizi wao. Ukipita mwezi na dalili ziko pale pale, zinakuharibia kazi au nyumba, tafuta mtaalamu. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, usingoje mwezi, nenda leo.

Mimi ni karani mahakamani. Nachapa maelezo ya kesi za udhalilishaji. Hakuna anayenihesabu.

Unahesabika, pamoja na dereva wa ambulensi na mfagiaji wa chumba cha maiti. Kuna mwengine anayesahauliwa kuliko nyote: mkalimani wa lugha ya alama. Yeye hasemi "alimshika", anasema "alinishika", kwa sababu ndivyo ukalimani unavyotaka. Siku nzima kinywa chake ndicho kinachosema "mimi".

Kwa karani: picha za ushahidi usizifungue kama kazi yako haihitaji. Maelezo mazito yachape asubuhi, yasiwe kazi ya mwisho kabla ya kutoka. Ukifika kati, inuka, nenda dirishani, rudi.

Niko Pemba. Nikitoka kazini nakutana na baba wa mtuhumiwa harusini. Nifanyeje?

Hili vitabu vya ng'ambo havilijui. Vinakwambia uache kazi mlangoni. Wete mlango huo uko wapi? Mwathirika ni mtoto wa jirani, mtuhumiwa ni binamu wa mumeo, na sheha anayepeleka taarifa ndiye aliyesimamia posa yako. Mfanyakazi wa kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachowapokea waliodhalilishwa hapa visiwani, habebi hadithi peke yake, anabeba na macho ya watu.

Kwanza, kesi ya jamaa au jirani ipewe mtu mwengine, na hilo liandikwe kuwa utaratibu wa kituo. Likiwa ni hisani, utaona haya kuiomba mara ya pili. Halafu jitengenezee sentensi moja na uwaambie watu wote hiyo hiyo: "Mambo ya kazini sina ruhusa kuyazungumza, hata na mama." Isemee hata kesi ambayo hukuigusa, maana ukikanusha moja na kunyamazia nyengine, kimya chako kimeshajibu.

Na tutofautishe siri mbili. Siri ya mgonjwa ni amana, haitoki. Mzigo wako wewe si siri yake. "Leo nimesikia jambo limenikaa kifuani, nataka kukaa kimya kidogo" inatosha kumwambia mumeo au mkeo, bila jina, bila shehia, bila umri. Wapo wanaosaidiana kwa simu baina ya visiwa, mtu wa Chake na mtu wa Mjini, kwa sababu aliye mbali hawajui wahusika. Naipenda njia hiyo kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

Baada ya ajali kubwa, tuwakusanye wafanyakazi siku hiyo hiyo kila mmoja aeleze alichokiona?

Hapana. Najua nia ni njema. Tulioishi kipindi cha MV Spice Islander, iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na MV Skagit iliyofuata tarehe 18 Julai 2012 karibu na Chumbe, tunajua ule uzito wa watu waliokuwa wakipokea maiti na wakati huo huo wakiwatafuta jamaa zao humo humo. Lakini kikao kimoja cha lazima cha kutapika kila kitu hakikingi maradhi, na Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Baadhi ya watu kikao hicho huwazidishia maumivu.

Kinachopendekezwa ni kitu cha kawaida kabisa: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama nani anatetemeka, nani hajala tangu alfajiri. Msikilize anayetaka kusema, asiyetaka mwache. Muunganishe na anachokihitaji: chai ya moto, nguo kavu, simu ya kupiga kwao, mtu wa kumfikisha nyumbani. Aliyehudumia maiti leo, kesho apewe kazi nyengine. Baada ya mwezi mrudie umuulize. Ndipo wengi wanapokuwa wamesahauliwa.

(Wavuvi wanaotoa mashua zao kwenda kuokoa hawana mwajiri wala faili. Kwao hilo la kuwarudia linabaki kwa sheha na imamu wa msikiti wao.)

Mimi ni mganga mfawidhi. Fungu la fedha sina. Nianzie wapi?

Anza na ratiba ya zamu, ipo mezani kwako tayari. Angalia nani amepangiwa kesi za ubakaji wiki nne mfululizo. Mara nyingi ni yule yule, kwa sababu "ana moyo". Mwenye moyo ndiye tunayemmaliza. Changanya: siku ya kesi nzito ifuatiwe na kliniki ya chanjo. Kesi za watoto zipokewe na watu wawili, mmoja anauliza, mmoja anaandika.

Kisha dakika kumi na tano mwisho wa zamu, watu wamekaa, simu zimewekwa chini: nini kimekwenda, nini kimekwama, nani asiondoke peke yake leo. Usiwalazimishe kusema. Mara moja kwa mwezi kila mmoja akae na mtu mwenye uzoefu azungumze kuhusu kesi zake. Hapa kuna kosa nimeliona sana: mtu huyo asiwe ndiye anayemjazia fomu ya tathmini. Nani atakiri kwa anayempa alama?

Mwajiriwa mpya aambiwe siku ya kwanza kwamba kazi hii ina madhara haya, kama anavyoonyeshwa kisanduku cha kutupia sindano. Likizo zitoke kwa wakati. Pawe na chumba chenye mlango unaofungika, hata kama ni stoo iliyosafishwa.

Miongozo ya mwaka 2022 ya Shirika la Afya Duniani kuhusu afya ya akili kazini inataka kazi yenyewe irekebishwe na wakubwa wafundishwe kuwasaidia walio chini yao. Nalitaja hili kwa sababu tumezoea kinyume chake: watu wanapelekwa hotelini siku mbili, wanafundishwa kuvuta pumzi, wanapewa soda na posho, Jumatatu wanarudi kwenye ratiba ile ile. Kuvuta pumzi ni kuzuri. Ratiba ndiyo inayowaumiza.

Nikisali na nikasomewa, haitoshi?

Kwa wengi ndiyo nguzo ya kwanza, na sina la kuipunguza. Lakini aliyechomwa sindano anasali na anameza dawa. Ukisomewa na usingizi usirudi, nenda na kwa mnasihi. Anayekusomea akikwambia uache dawa, mwache yeye. Na daktari akiidharau sala yako, omba daktari mwengine.

Mwenzangu wa famasi hunipa vidonge vya usingizi nikitoka zamu mbaya.

Acha. Diazepamu na jamaa zake zinazoeleka haraka, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 inasema zisitumike kutibu dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Kama umeshazitumia kila siku kwa wiki kadhaa, usikate ghafla, muone daktari akupunguzie.

Nikienda Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, watasema nimerukwa na akili.

Watasema. Na tuambiane ukweli, sisi watu wa afya ndio tunaoongoza kuufanya utani huo, wodini, mbele ya wagonjwa. Si lazima uanzie huko. Muulize mnasihi wa hospitali yoyote iliyo karibu, au daktari unayemwamini akupe rufaa. Nenda na mwenzio, akae nje akusubiri.

Na sisi tukianzisha daftari kama lile la sindano, kwa walioumizwa na waliyoyasikia, tuandike nini?

Tarehe na zamu. Aina ya tukio, bila jina la mgonjwa wala shehia. Nani alizungumza na mfanyakazi siku hiyo, na nini kilibadilishwa kwenye ratiba yake. Tarehe ya kumuuliza tena, baada ya wiki moja na baada ya mwezi. Likae kwenye kabati yenye ufunguo, na lisiguswe wakati wa kupandisha watu vyeo.