Nani Ameshika Tuni? Dhana za Mbeya na Iringa Kuhusu Melodi

Ubishi wa muziki huku Nyanda za Juu Kusini haukauki, iwe kwenye mazoezi ya kwaya Tukuyu au kijiweni Mwanjelwa. Wanaobishana wengi huiona melodi, yaani tuni, kama kitu chenye mahali pamoja tu pa kukaa: juu, mdomoni mwa mwimbaji, ikiwa imebeba maneno. Dhana nyingi nitakazozitaja zinazaliwa hapo.

"Tuni ni ya sauti ya kwanza, wengine wanasindikiza"

Hii imeota mizizi kuliko zote, na sababu yake inaonekana ubaoni. Mwalimu wa kwaya akiandika sol-fa yake, mstari wa juu ni wa sauti ya kwanza, na huo ndio unaoitwa wimbo wenyewe. Sauti ya pili, ya tatu na besi hufundishwa baadaye, na mtu wa besi akikosea husikia kwamba "anaharibu wimbo" kana kwamba yeye si sehemu yake.

Kwa nyimbo za vitabu vya ibada, mpangilio huo ni sahihi. Ila una umri wake. Kwa karne kadhaa huko Ulaya, muziki wa kanisa wa sauti nyingi uliiweka tuni kwa wanaume wa sauti ya tatu. Paris, karibu na mwaka 1200, watunzi wa kanisa la Notre-Dame walikuwa wakiirefusha kila noti ya wimbo wa kale kiasi kwamba msikilizaji asingeweza kuutambua, huku sauti nyingine zikicheza juu yake. Melodi ilikuwa msingi wa nyumba, haikuwa paa. Waumini walikaa kimya wakisikiliza. Uprotestanti ulipotaka usharika wote uimbe, watu wakashindwa kuidaka tuni iliyofichwa katikati. Mwaka 1586 Lucas Osiander, mchungaji na mtunzi wa Ujerumani, alitoa kitabu cha nyimbo hamsini ambamo tuni imehamishiwa sauti ya juu kabisa, kusudi hata asiyesoma noti aifuate. Mpangilio tunaoudhani ni sheria ya muziki ulianza kama msaada kwa watu wa kwenye mabenchi.

Hata hapa nyumbani haufuatwi kila siku. Sikiliza kwaya za vijana zinazotunga zenyewe: wimbo unaweza kuanzishwa na besi peke yao, akina dada wakabaki kuitikia. Hapo nani anamsindikiza mwenzake?

"Hata Luther alichukua tuni za vilabuni"

Vijana wakitaka kuingiza sebene, yaani kipande cha gitaa cha kuchezea, kwenye wimbo wa ibada, na wazee wa usharika wakikataa, hoja hii lazima itolewe. Mimi siipingi sebene, lakini hoja yenyewe haisimami. Wimbo maarufu kuliko zote wa Martin Luther, mwanzilishi wa Ulutheri, ule wa Mungu aliye ngome, tuni yake anahesabiwa kuitunga yeye mwenyewe. Nyingine nyingi alizitoa kwenye nyimbo za kale za kanisa. Tuni ya mtaani inayojulikana kwa hakika ni ya wimbo wake mmoja wa Krismasi, nayo ilikuwa ya mchezo wa vitendawili, haikuwa ya walevi. Kufikia mwaka 1539 wimbo huo ulikuwa umeshachapwa kwa tuni nyingine mpya. Wanaotaka sebene watafute utetezi mwingine. Upo, tena mzuri.

"Muziki wetu wa asili ni ngoma, melodi ililetwa na wamisionari"

Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huohuo. Walileta vitabu, uimbaji wa sauti nne na baadaye vinanda. Melodi waliikuta.

Wahehe wana ligombo, ala ya nyuzi ambayo uzi wake hupitishwa huku na huku juu ya ubao uliochimbwa kama hori. Anayeipiga huimba mwenyewe, na ala humjibu. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, aliirekodi Tanganyika mwaka 1950, na rekodi hizo bado zinasikilizwa. Hakuna ngoma inayotawala pale. Kuna mtu mmoja, nyuzi zake na mstari wa sauti unaopanda na kushuka. Nao Wagogo, majirani wa Iringa upande wa kaskazini, huimba kwa sauti kadhaa zinazokwenda pamoja, jambo ambalo hakuna aliyewafundisha kwa kinanda.

Tena kuna suala la lugha, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kihehe na Kibena ni lugha zenye toni: sauti kupanda au kushuka kwenye silabi ni sehemu ya neno. Anayetunga wimbo kwa Kihehe tayari ana kilima na bonde ndani ya maneno yake, na melodi haiwezi kuvipuuza kabisa. Sasa chukua tuni ya Kijerumani, itafsirie beti tano, kila ubeti na maneno yake, lakini zote zilazimishwe kupita njia ileile ya noti. Lazima mahali fulani neno livutwe juu linapotaka kushuka. Msikilizaji ataelewa kwa kubahatisha kutokana na muktadha. Kinyakyusa hakina toni, kama Kiswahili, kwa hiyo shida hiyo haikuwa yake. Tuni moja ya Ulaya inaweza kukaa vizuri Rungwe na ikakwaruza Kalenga, kwa Wahehe.

Na safari haikuwa ya upande mmoja. Mchungaji Bernard Kyamanywa aliandika maneno ya wimbo wa Pasaka "Mfurahini, Haleluya" mwaka 1966, juu ya tuni ya Kihaya. Leo umo kwenye kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, na wanauimba kwa lugha yao.

"Wazambia wametuibia wimbo wa taifa"

Utani huu ni wa Tunduma zaidi. Ukivuka kwenda Nakonde, tuni ya wimbo wa taifa ni ileile. Hakuna aliyeiba. Tuni hiyo aliitunga mwalimu Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897. Sisi tuliichukua na maneno tukayageuza Kiswahili. Zambia waliichukua wakaandika maneno mapya kabisa. Afrika Kusini wenyewe wameiweka sehemu ya kwanza ya wimbo wao. Hapo tuni inaonekana waziwazi inavyoweza kuachana na maneno yake na bado watu wakasimama wima.

"Hip hop haina melodi"

Mbeya huwezi kusema hivi ukatembea salama, maana Sugu, msanii wa hip hop, alikuwa mbunge wa jiji hili kuanzia 2010 hadi 2020. Sauti ya anayechana hupanda na kushuka pia, ila haifungwi kwenye ngazi ya noti. Melodi yenyewe inahamia kwenye mstari wa besi, kwenye kipande cha rekodi kinachorudiwarudiwa na kwenye kiitikio. Mnyime mtayarishaji vitu hivyo uone kama biti itasimama.

Wanaosema auto-tune ndiyo inayotunga melodi nao wapo. Programu hiyo, iliyotoka mwaka 1997, kazi yake ni kuisogeza sauti kwenye noti iliyo karibu. Asiye na wazo la tuni atatoka bila tuni, ila safi.

"Nyimbo za siku hizi zimepoteza melodi"

Hii ina chembe ya ukweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na watafiti wa Hispania ulipima rekodi za kuanzia 1955 hadi 2010, ukakuta namna za kupita kutoka noti moja hadi nyingine zimepungua aina. Lakini hazina waliyoipima ni hasa ya pop ya Magharibi, na kupungua si kupotea.

Isitoshe, anayezisifu zilipendwa mara nyingi anahesabu mdomo tu. Nyimbo nyingi za dansi zina nusu mbili: mwimbaji anamaliza hadithi yake, kisha sebene linaingia na tuni inachukuliwa na gitaa la solo, huku ridhim na besi zikizunguka chini yake. Mwombe mzee wa Iringa akuimbie wimbo anaoupenda wa miaka ya 1970. Akifika hapo ataacha maneno na kuanza kuliimba gitaa.