Kisu cha Kwanza cha Kukunja: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mtu anayenunua kisu chake cha kwanza cha kukunja kwa kawaida hufika dukani akiwa amekwisha kujazwa maneno na rafiki anayejiona mjuzi, na video alizozitazama usiku, na muuzaji ambaye kila kilichopo mezani pake ni kizuri. Sehemu kubwa ya maneno hayo inahusu kisu cha porini, cha vitani au cha kupambia kabati, ilhali mnunuzi mwenyewe anataka kitu cha kukatia utepe wa boksi, kumenyea chungwa, kukatia kamba ya nailoni iliyofunga gunia na kufungulia mfuko wa saruji. Dhana nyingi potofu kuhusu visu hivi zina asili moja, nayo ni kukipima kisu kwa kazi ambazo mwenye kisu hatazifanya kamwe.

“Bapa refu ndilo lenye manufaa”

Bapa la sentimita 6 hadi 8 linatosha kwa kazi zote zilizotajwa hapo juu na nyingine nyingi. Mtazame muuza machungwa wa kando ya barabara: kinachozunguka ni chungwa wala si kisu, na sehemu ya makali inayofanya kazi ni sentimita mbili au tatu tu zilizo karibu na mpini. Bapa likizidi urefu huo, ncha inakuwa mbali na kidole kinachoiongoza, na kisu chenyewe kinakuwa kizito mfukoni hadi mwenyewe anaanza kukiacha nyumbani.

“Kisu kisicho na kifungio kitakukata vidole”

Dhana hii ndiyo inayowapotosha wengi, na inastahili kuchambuliwa taratibu kwa sababu ina chembe ya ukweli ndani yake.

Visu vya kukunja vimegawanyika katika makundi mawili makubwa. Katika kundi la kwanza, springi iliyolala kwenye mgongo wa mpini hukandamiza kisigino cha bapa, yaani mwisho wake ulio upande wa mpini, ikalizuia lisijikunje lenyewe, lakini ukilisukuma kwa nguvu ya kutosha linakubali kurudi. Katika kundi la pili kuna kifungio kinacholikaza bapa likishafunguka, na halikunjiki mpaka kifungio hicho kiachiliwe kwa kidole. Visu vidogo vilivyozoeleka vya kampuni ya Victorinox, vile vyenye mpini mwekundu wa milimita 91, ni vya kundi la kwanza. Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Karl Elsener, alifungua karakana yake mjini Ibach, Uswisi, mwaka 1884, akaanza kulipatia jeshi la nchi yake visu mwaka 1891, na mwaka 1897 akasajili kile kisu cha maofisa ambacho vizazi vyake vingali vinauzwa. Kwa zaidi ya karne moja watu wamevitumia visu vya namna hiyo shambani, jikoni na ofisini bila kifungio.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Unapokata, nguvu inapita kwenye makali na kulisukuma bapa lizidi kufunguka, yaani liegemee kizuizi chake, na kwa hiyo ukataji wa kawaida haukikunji kisu. Kinachokikunja ni kuchoma kitu kigumu kwa ncha, kukitumia kisu kama tindo, au kulipindapinda bapa lililonasa kwenye ubao huku mgongo wake ukisukumwa. Mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kutoboa ngozi au plastiki ngumu ana haki ya kutaka kifungio. Mwingine anaweza kuishi bila hicho.

Tena kifungio chenyewe hakimlindi mtu kama anavyodhani. Mchanga ukiingia, au chuma kikilika, kinaweza kuachia ghafla, na aina ile ambayo ubao mwembamba wa chuma ndani ya mpini husogea nyuma ya bapa ina kasoro nyingine kwa mgeni: ili kuufungua, kidole gumba hulazimika kuingia katika njia ya makali. Anayeanza hujikata zaidi wakati wa kukunja kuliko wakati wa kukata, kwa hiyo zoezi la kwanza kwa kisu kipya, cha aina yoyote, liwe kukifungua na kukikunja polepole ukiwa umeketi, vidole vikiwa kando ya njia ya bapa.

Opinel ya Ufaransa, iliyobuniwa na Joseph Opinel katika jimbo la Savoie mwaka 1890, ina suluhisho jepesi: pete ya chuma shingoni mwa mpini, iliyoongezwa mwaka 1955, ambayo huzungushwa kwa vidole ili ufa wake uhame na bapa likazwe. Ni kifungio imara, ila hakijifungi chenyewe, na mwenye haraka hukisahau. Mpini wake wa kawaida ni wa mti uitwao biichi, ambao hunyonya maji na kuvimba. Ukikilowesha kisu, bapa hukwama ndani na kucha haziwezi kulitoa. Wenyeji wa Savoie hugonga kisigino cha mpini juu ya meza hadi bapa lichomoze kidogo, kisha hulivuta. Hilo si kosa la kiwanda, ni tabia ya mti, na anayetaka kisu cha kutumia penye maji kila siku atafute chenye mpini wa plastiki au chuma.

“Chuma kisichoshika kutu hakihitaji matunzo, na kile cha kaboni kimepitwa na wakati”

Chuma huitwa kisichoshika kutu kinapokuwa na madini ya kromiamu ya kiasi cha asilimia 10.5 au zaidi. Kromiamu hiyo hujenga utando mwembamba unaozuia kutu kuanza, lakini hauizuii milele. Mombasa, Tanga na Unguja, ambako hewa yenyewe ina chumvi, kisu kilichoachwa na jasho mfukoni kinaweza kupata madoa ya kahawia, na mahali pa kwanza pa kutazama ni ndani ya mpini, kwenye pini ambapo bapa hugeukia, kwa kuwa uchafu na unyevu hukaa hapo bila kuonekana. Pini ipate tone la mafuta ya cherehani mara kwa mara, na bapa lipanguswe likauke kabla ya kukunjwa.

Chuma cha kaboni, kwa upande wake, hushika kutu haraka lakini hunoleka kwa urahisi na huchukua makali membamba mazuri. Menya chungwa au ndimu kwa bapa jipya la kaboni, na baada ya dakika chache utaona madoa ya kijivu yenye rangi ya samawati. Wengi hudhani kisu kimeharibika, wakakisugua kwa sandpepa hadi king’ae tena. Hayo madoa si kutu inayokula chuma; ni utando ambao kwa kiasi fulani hukinga bapa, na inayopaswa kuondolewa ni ile ya kahawia peke yake. Ubaya wa kweli wa kaboni ni kwamba tunda linaweza kupata ladha ya chuma. Kwa mtu wa pwani ningependekeza chuma kisichoshika kutu bila kusita, na kwa mtu wa bara mkavu mwenye mazoea ya kupangusa vyombo vyake, kaboni si chaguo baya hata kidogo.

Dhana hii ina ndugu yake: kwamba chuma kigumu zaidi ndicho bora zaidi. Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, na visu vya Victorinox huzunguka 56, kiwango ambacho mashabiki wa visu vya bei kubwa hukidharau. Chuma kinachopita 60 hukaa na makali muda mrefu zaidi, ni kweli, lakini kikiisha makali hakitaki mchezo: vyuma vyenye madini mengi ya vanadiamu huhitaji jiwe la almasi, na kinoo cha kawaida huvisugua bila matokeo ya maana. Pia vyuma vigumu humeguka makali vikigonga mfupa au msumari, pale ambapo chuma laini kingejipinda kidogo na kunyooshwa. Mtu ambaye bado anajifunza kukishika kisu katika nyuzi 15 hadi 20 juu ya kinoo atajifunza haraka kwa chuma laini.

“Anayeanza apewe kisu butu”

Kisu butu hulazimisha mkono kusukuma kwa nguvu, na kinapoteleza juu ya ganda la embe huondoka na nguvu hiyo yote kuelekea mkono ulioshika. Makali mazuri hupita taratibu, mahali unapotaka yapite.

“Kadiri zana zinavyozidi ndivyo thamani inavyozidi”

Bapa, bisibisi na kifungua kopo au chupa hutosha. Kila zana inayoongezwa huongeza unene, na mpini mnene haushikiki vizuri katika kukata, ambako ndiko kisu kinakotumika zaidi.

“Ni kitu cha kujihami, na hakuna sheria inayokihusu”

Okapi ni mfano mzuri hapa. Kisu hiki kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya masoko ya makoloni ya Kijerumani barani Afrika, na baadaye kikahamia Afrika Kusini, ambako kinaendelea kuundwa. Kilikuwa, na bado ni, kisu cha bei nafuu cha mkulima na mfanyakazi, lakini katika baadhi ya miji kimepata sifa ya kuwa kisu cha wahuni, na mlio wa meno ya kifungio chake unapofunguka umekuwa wa kutisha watu. Anayekibeba kwa nia ya kutishia ndiye anayekigeuza silaha, na polisi au mlinzi wa langoni ataitazama nia hiyo pamoja na mahali ulipo.

Wasomaji walio ng’ambo wana la ziada la kuzingatia. Uingereza inaruhusu kubeba hadharani bila kutoa sababu kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, mradi kisiwe na kifungio. Opinel namba 8 ina bapa la sentimita 8.5 na pete ya kukazia, kwa hiyo hainufaiki na ruhusa hiyo, na mwenye nayo barabarani lazima awe na sababu nzuri. Ujerumani nayo inakataza kubeba bila sababu inayokubalika kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja na kujikaza. Kuhusu safari za ndege, Marekani haikubali kisu cha mfukoni ndani ya ndege kwa urefu wowote, kwa hiyo kitie kwenye begi linalokwenda shehena kabla ya kufika kwenye mashine ya ukaguzi.