Baridi inakunyima kilomita, joto linakula betri

Nimeulizwa tena. "Fundi, huku kwetu hakuna theluji, kwa hiyo betri ya gari langu la umeme haina shida na hali ya hewa, au siyo?" Siyo. Naandika hapa mara moja ili atakayeuliza kesho nimtumie kiungo, koo langu lipumzike.

Najua imani hii inatoka wapi. Wanaolalamika sana ni wenye baridi. Mtu anaamka, nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri, dashibodi inamwambia kilomita 210 badala ya 300, anapiga picha, picha inazunguka dunia. Hasara ya baridi unaiona siku hiyo hiyo. Ya joto haipigiki picha: inakuja asilimia moja moja, na ukija kuigundua miaka minne imepita na hairudi.

Baridi nitaimaliza haraka. Seli (vijibetri vinavyounda betri kubwa) ikipoa, elektrolaiti, kimiminika cha ndani ambamo umeme unapita, inakuwa nzito, ioni za lithiamu zinajikokota, ukinzani wa ndani unapanda. Umeme umo, ila hautoki vizuri. Seli zikipata joto, uwezo unarudi. Tena sehemu kubwa ya kilomita zilizopotea hata si kosa la betri: hita ya kawaida inakula kilowati 3 hadi 5, ilhali pampu ya joto inafanya kazi ile ile kwa nusu ya hapo au pungufu. Hewa ya nyuzi 0 ni nzito kuliko ya nyuzi 30 kwa karibu asilimia 11, na gari linaisukuma. Matairi nayo yanapoteza takribani psi 1 kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6. Jaza upepo, tumia kiti chenye joto badala ya kupasha gari zima, basi.

Hatari ya kweli ya baridi ni moja: kuchaji kwa nguvu seli zikiwa chini ya nyuzi 0. Lithiamu inashindwa kuingia ndani ya grafiti ya anodi (upande wa seli unaoipokea wakati wa kuchaji), inajipaka juu yake kama metali, na hiyo haiponi. Kompyuta ya betri inalijua hilo, ndiyo maana asubuhi ya barafu chaja ya kasi inakupa kilowati 20 tu na breki ya kurudisha umeme inalegea. Chaja ni nzima, usiitukane. Betri inalindwa.

Sasa joto. Juu ya anodi kuna utando unaojijenga tangu chaji za mwanzo kabisa kiwandani. Unahitajika, bila huo elektrolaiti ingeoza mapema. Tatizo ni kwamba hauachi kunenepa, na kila unaponenepa unameza lithiamu ambayo ingekuendeshea gari. Ni mmenyuko wa kikemia kama mingine: nyuzi 10 zikiongezeka, kasi yake inakaribia mara mbili. Hayo ni makadirio, hayalingani kwa kila seli, lakini yanakupa picha. Na utando haungoji uendeshe. Gari limelala, wenyewe unaendelea na kazi.

Nikishasema hivyo, watu wanakimbilia upande wa pili, na hapo ndipo napandwa na mori. Mtu anakataa kuegesha juani dakika 20. Mwingine anamwagia sakafu maji. Ndugu yangu, betri ina uzito wa kilo 300 hadi 500. Kitu kizito hivyo hakipati moto kwa dakika 20. Ndani ya gari lililofungwa juani panaweza kufika nyuzi 60, usukani haushikiki, na betri chini ya sakafu bado iko nyuzi 31. Inafuata wastani wa mchana na usiku, haifuati saa saba ya mchana. Ubaya wake ni kwamba ikishapata moto, inachelewa kupoa vilevile. Kwa hiyo kivuli cha kugombania ni kile ambacho gari linakaa saa nane kila siku, mwaka mzima. Lami nyeusi inayotoa joto kutoka chini mpaka usiku ni mbaya kuliko jua la dakika chache dukani.

Kinachoua ni vitu vitatu vikizidishana: joto, kiwango cha chaji, na muda. Kimoja peke yake hakikuumizi sana. Gari lenyewe huipasha betri kwa makusudi kabla ya chaji ya kasi, kwa sababu seli ya moto ina ukinzani mdogo na inapokea lithiamu vizuri. Watu wananiletea hilo kama ushahidi kwamba joto halina neno. Hapana. Nusu saa ya joto, kisha inapoa, ni kitu kimoja. Asilimia 100, nyuzi 38, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, kila wiki, ni kitu kingine kabisa.

Ndiyo sababu ya ule ushauri wa kuishia asilimia 80 unapochaji kila siku. Seli ya NMC (aina ya lithiamu yenye nikeli, manganizi na kobalti) ikijaa inafika kama volti 4.2, na hapo kila mmenyuko usioutaka unapata nguvu. Lakini 80 si mpaka wa maumbile. Hakuna kinacholipuka kwenye 81. Ni namba ya mapatano kati ya uhai wa betri na kilomita zako. Ukihitaji 100 kwa safari, chaji 100, ila panga ratiba imalizike karibu na saa ya kuondoka. Gari likikaa mwezi bila kazi, liache kati ya 40 na 60.

LFP, aina nyingine ya seli, ya lithiamu na fosfeti ya chuma, inatuchanganya. Watengenezaji wengi wanataka uijaze 100 mara moja kwa wiki, kwa kuwa volti zake hazibadiliki sana kutoka 20 hadi 90 na kompyuta inapoteza hesabu ya kilichobaki. Ushauri huo ni wa kulinda namba ya dashibodi. Kemia ya seli, hata ya LFP, haipendi kukaa imejaa kwenye joto. Hapa mafundi tunabishana, na sitajifanya tumemaliza. Mimi nafuata hivi: jaza 100 ile siku utakayoendesha mara moja baadaye, siku nyingine 70 au 80 inatosha.

Chaji ya kasi nayo inalaumiwa bila hesabu. Chukua betri ya kWh 60, volti 350, ukinzani wa ndani wa kama ohm 0.1. Kwa ampea 250, joto linalozaliwa ndani ni 250 × 250 × 0.1, yaani wati 6,250. Punguza mkondo nusu, joto linashuka hadi robo. Chaji ya nyumbani ya ampea 16 kwa volti 230 inafika kwenye betri kama ampea 10 hivi: wati 10. Kumi! Kwa hiyo kusubiri betri ipoe kabla ya chaji ya nyumbani ni kujisumbua. Nyumbani gusa plagi badala yake. Ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, soketi imelegea, na hiyo itayeyuka kabla betri haijaona shida yoyote.

Wati 6,250 zinaenda wapi? Kwenye gari linalopozwa kwa maji, zinaondolewa. Kwenye gari lisilo na mfumo huo, zinabaki. Nissan Leaf za mwanzo ndizo mfano: betri yake haipozwi kwa maji, na mwaka 2012 wenye magari hayo huko Arizona, Marekani, waliona vipande vya kipimo cha uwezo vikipotea mapema. Kipimo hicho kina vipande 12, na cha kwanza hakipotei mpaka karibu asilimia 15 ya uwezo iwe imekwenda. Ukinunua iliyotumika yenye vipande 11, usifikiri imepungukiwa na sehemu moja ya kumi na mbili. Na safarini na gari kama hilo, chaji ya kasi mara moja kwa siku ya joto. Ya pili itakuwa polepole na ya moto.

Jambo ambalo wengi hawaliunganishi: kwenye magari mengi yanayopozwa kwa maji, gesi ya kiyoyozi ndiyo inayopoza pia maji ya betri. Kiyoyozi kikidhoofika na chaji ya kasi ikianza kushuka mapema, angalia gesi na kondensa (rejeta ya kiyoyozi) kabla ya kulaumu seli. Osha kondensa kwa maji ya presha ndogo. Anayejaza gesi asitie mafuta ya PAG ya magari ya petroli: kompresa ya umeme inataka mafuta ya POE yasiyopitisha umeme. Mafuta yasiyofaa yanashusha uhami wa volti kubwa, gari linatoa kosa na kugoma kuwaka. Hapo dumu la bei nafuu limeondoka na kompresa nzima.

Kiyoyozi kinakula umeme kwa saa, si kwa kilomita. Chukua kiyoyozi cha kilowati 1.5 na safari ya kilomita 100: ukienda 90 kwa saa ni kWh 1.7. Kwenye foleni ya kilomita 20 kwa saa ni kWh 7.5, nusu ya kile ambacho gari linatumia kujiendesha.

Mvua: chaji tu. Chaja haipeleki umeme mkubwa mpaka iwasiliane na gari na kuthibitisha kwamba plagi imekaa. Mafuriko ni habari nyingine, hasa ya maji ya chumvi. Baada ya kimbunga Ian cha 2022 kule Florida, magari yaliyozama yaliwaka moto siku kadhaa baadaye. Gari lililozama usilichaji wala kuliwasha. Livutwe, likae mita 15 mbali na nyumba.

Na gari likikataa kuwaka wiki ya joto kali, anza na betri ndogo ya volti 12. Joto linaichosha kuliko ile kubwa, na bila hiyo kontakta (swichi zinazounganisha betri kubwa na gari) hazifungi hata kama una asilimia 90. Ikiwa imetulia, volti 12.6 ni nzima. Chini ya 12.2 ichaji, na ikirudi kushuka ibadilishe.

Mwisho, kipimo cha afya ya betri. Namba hiyo ni makadirio ya kompyuta, na inacheza na joto: gari lile lile linaweza kusoma 91 asubuhi ya baridi na 94 mchana. Soma pia joto la moduli, yaani mafungu ya seli. Zikitofautiana zaidi ya nyuzi 5, kuna sehemu haipozwi. Pima seli zikiwa nyuzi 20 hadi 25, gari limetulia saa kadhaa, rudia wiki inayofuata katika hali ile ile, ndipo ukagombane na aliyekuuzia.