Kifua Kikibana Tena, Tafuta Kilichotangulia

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi inaposhuka kutoka Kibosho na Marangu hadi Moshi mjini, wagonjwa waliozidiwa huongezeka kliniki ya kifua, na lalamiko linakuwa moja: "Dawa mnazotupa hazifanyi kazi." Msimu huu lalamiko hilo limefika hadi kwenye sanduku la maoni, kwa hiyo tumeona ni vyema kutoa ufafanuzi. Unawahusu wenye pumu, wenye ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, na waliopona kifua kikuu lakini mapafu yao yakabaki na makovu.

Mara nyingi dawa haijashindwa. Kuna kitu kimetangulia siku mbili tatu kabla ya kubanwa, na mgonjwa hakukihesabu. Tukimuuliza amefanya nini tangu juzi, anajibu hajafanya kitu. Tukizidi kuuliza, tunaambiwa alikuwa anapiga maharage uani tangu asubuhi, au mjukuu amerudi shule na mafua na wanalala chumba kimoja.

Tuanze na mafua, kwa sababu virusi vya mafua ndivyo vinavyoongoza kwa kuwazidisha wagonjwa wa kifua. Mwenye mafua asilale na mgonjwa, wasichangie kikombe, na mikono ioshwe kwa sabuni. Muulize daktari wako kuhusu chanjo ya homa ya mafua. Nasisitiza kwamba antibayotiki haiui virusi. Tunaiandika pale makohozi yanapoongezeka na kugeuka rangi kuwa ya njano au kijani huku pumzi ikizidi kuwa fupi. Kwenda duka la dawa kununua vidonge vinne vya amoksilini "kuzuia kifua" si matibabu, na tumeshalisema hili mara nyingi mno.

Jambo zito zaidi katika mkoa wetu ni jiko. Mama aliyepika kwa kuni miaka thelathini, katika jiko la nje lenye kidirisha kimoja na kuta zilizokolea masizi, anaweza kuugua mapafu sawa na mvutaji wa sigara, ingawa hajawahi kuishika. Kuni mbichi ndizo mbaya zaidi, yakiwemo matawi ya mikahawa yanayotiwa motoni siku chache tu baada ya kukatwa. Kuchemsha mbege, pombe yetu ya ndizi, huchukua saa nyingi, na anayekoroga yuko juu ya moshi muda wote.

Hapa kuna uvumi, kwamba kupika kwa kuni nyumbani kumepigwa marufuku, ambao ni lazima tuuondoe. Katazo la kuni na mkaa lililoanza Januari 2024 lilizihusu taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku, kama shule, vyuo na magereza. Halikuhusu jiko la nyumbani kwako, wala hakuna mhudumu wa afya anayekuja kukukamata kwa kupika kwa kuni. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Sisi wa kliniki tunalenga kitu cha karibu zaidi, yaani mgonjwa wetu apumue wiki hii. Tunajua gesi ina gharama, na kwamba nyumba nyingi huchemsha chai kwa gesi kisha maharage na makande yakarudi kwenye mafiga. Basi loweka maharage usiku kucha yaive upesi, tumia kuni zilizokauka, pika mahali pa wazi, na mwenye kifua asiwe ndiye anayepuliza moto. Familia ikubaliane nani atashika zamu hiyo. Kuchoma taka na majani uani kunaingia humuhumu, pamoja na dawa ya mbu ya kuchoma na udi.

Kuingiza jiko la mkaa chumbani ili kupasha joto ni hatari kwa kila mtu, si kwa mgonjwa pekee. Mkaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa usingizini. Vaa sweta, ongeza blanketi, jifunge skafu puani unapotoka alfajiri.

Vumbi nalo lina msimu wake: kupukuchua mahindi, kupepeta, kusafisha ghala, kupanga nyasi za ng'ombe zilizoota ukungu. Kanga iliyofungwa puani haizuii vumbi laini. Kama ni kazini, kwenye mashine ya kusaga, useremala, kupaka rangi au machimbo, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumkata mfanyakazi, na afya ipimwe anapoanza kazi, akiwa kazini, na anapoondoka. Anayekiuka anaweza kushtakiwa. Ugonjwa ukithibitika kutokana na kazi, taarifa hupelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na muda wa kudai una ukomo, kwa hiyo tunza nakala ya kila kipimo. Wachimbaji wa Mirerani wenye kikohozi wapime kifua kikuu na madhara ya vumbi la mawe kwa pamoja. Hospitali ya Kibong'oto, Siha, ina uzoefu mkubwa na tatizo hilo.

Sasa pampu ya kuvuta dawa. Si kweli kwamba ukiianza huwezi kuiacha, wala kwamba ni ya mtu aliye mahututi. Kinachoturudisha nyuma ni matumizi. Itikise, toa pumzi yote nje, weka mdomoni na ufunge midomo, bonyeza mara moja huku unaanza kuvuta polepole, kisha shikilia pumzi hadi sekunde kumi. Wengi hubonyeza kwanza, wakavuta baadaye, na dawa yote ikaishia kwenye ulimi. Ukishindwa, tukuoneshe jinsi ya kuvutia dawa kupitia chupa safi ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako ili pampu iingie. Kopo la salbutamol, dawa ya kufungua kifua kinapobana, lina mibonyezo 200. Ikiisha, kopo huendelea kutoa mvuke usio na dawa ya kutosha, na kulitikisa hakukuambii kitu. Andika juu yake tarehe uliyoanza. Pampu ya kuzuia, ile ya kutumia kila siku hata kama hujabanwa, haiachwi kwa sababu umepata nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na yenyewe.

Kama daktari mwingine anataka kukuandikia propranolo kwa ajili ya presha au mapigo ya moyo, mwambie una pumu. Inaweza kukubana vikali.

Kuhusu kipimo cha kupuliza, kinachoonesha mapafu yanatoa hewa vizuri kiasi gani, utaratibu ni huu. Njoo na barua ya rufaa, kadi ya bima kama unayo, na pampu zako zote. Usitumie salbutamol kwa saa nne hadi sita kabla, isipokuwa umebanwa. Usivute sigara siku hiyo wala usile chakula kizito. Utapuliza kwa nguvu angalau mara tatu, utapewa mibonyezo minne ya dawa, utasubiri dakika 15, kisha utapuliza tena. Usipofuata masharti, majibu hayatasomeka na utapangiwa siku nyingine. Hiyo si adhabu. Mwenye kikohozi kilichozidi wiki mbili apimwe makohozi kwanza, kuangalia kifua kikuu, hata kama una pumu tangu utotoni.

Kwenye daftari la kliniki, kila unapobanwa, andika tarehe, ulichofanya siku tatu kabla, na nani alikuwa na mafua. Tutalisoma.

Usisubiri kliniki endapo huwezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo imekuwa ya bluu, unasinzia au unachanganyikiwa, au pampu haikusaidii. Nenda kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, tumia pampu ukiwa njiani, na uibebe hata kama imeisha.